Kochi la Kipande Kimoja

Damas alikuwa fundi wa kulinganisha vyuma vya mashine kwenye kiwanda cha shaba pale Likasi, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia mpaka kwenye ncha za vidole. Alizoea kupitisha kidole juu ya chuma na kusema, "Hapa inabakia kidogo," na wenzake wakipima hukuta kweli kimebaki kiasi cha unene wa unywele. Kitu alichokichukia kuliko vyote ni kiungo. Kwake yeye, mahali vitu viwili vinapokutana ndipo taabu zote zinapoanzia: hapo ndipo panapolegea, hapo ndipo panapopiga kelele, na kwa sababu ya hapo mtu anaitwa siku ya Jumapili aje kukaza.

Kwa hiyo alipoamua kuagiza kochi, sharti lake kwa Gracien seremala lilikuwa moja tu.

"Nataka ya kona," alimwambia. "Inatokea ku dirisha, inapita mu kona, inafika ku mulango. Kipande moja. Sitaki kiungo hata moja."

Gracien, mtu mpole mwenye penseli nyuma ya sikio, aligeuka kuutazama mlango wa nyumba. "Mzee Damas, hii mulango haitaipitisha."

"Utaijengea mule ndani."

"Na siku ya kuhama?"

"Nani alikuambia minye nahama?"

Nyumba yenyewe ilikuwa moja ya zile za zamani za wafanyakazi: matofali, sebule ndogo, vyumba viwili, jiko dogo, na uwanja wa nyuma wa kupikia. Damas alikuwa ameliona kochi la namna hiyo kwa mkubwa wake wa kazi, Gauthier, siku ya sherehe ya ubatizo. Gauthier aliketi kwenye kona yenyewe, mikono ameitandaza kulia na kushoto, kama mtu anayeendesha nyumba nzima kutoka pale. Damas aliporudi kwake akavitazama viti vyake sita vya mbao vilivyosukwa kwa nyuzi za plastiki, akaviona kama watu waliopanga foleni wakisubiri kuandikwa kazi.

Blandine, mkewe, aliyeshona nguo za watu palepale sebuleni, hakuvutiwa.

"Baba Jaël, kiti ni kintu ya kubeba," alisema. "Shirika ya kanisa ikikuya kusali kwetu, tunatosha biti yote sita ku inje. Nikishona, nakokota kiti ku dirisha. Umeme ikikatika, Jaël anabeba yake anaenda kusoma ku lampe ya jirani. Ile kintu yako ya kona, tutaibeba namna gani?"

"Hatutaibeba. Tutaikala."

Alipima kila kitu. Alipima ukuta, kimo cha dirisha, upana wa njia ya kwenda jikoni, hata jinsi mlango unavyofunguka. Gracien alijenga humohumo ndani, vumbi la mbao likatua mpaka kwenye sufuria, na kochi lilipokamilika lilikuwa la rangi ya kahawa, la ngozi bandia inayong'aa, na lilikaa ukutani bila kuacha pengo hata la kupitisha kijiti cha kiberiti. Viti sita vya zamani Damas aliwagawia majirani kwa roho nyeupe. Cherehani ya Blandine ilihamia chumbani, miguuni pa kitanda. Jioni ya kwanza Damas aliketi kwenye kona, akatandaza mikono, akazama mpaka magoti yakawa sawa na kifua.

"Hii njo kuikala," alisema, yaani huku ndiko kukaa.

Blandine alimtazama kutoka mlangoni. "Unaonekana kama mutu yenye alianguka mu beseni."

Basi mambo yangebaki hivyo, kama si goti la Mama Gertrude.

Mama Gertrude alikuwa mama yake Blandine. Aliishi Kapolowe, akilima mahindi na mihogo, na goti lake la kulia lilimsumbua kwa muda mrefu. Blandine alimbembeleza mara nyingi aje mjini atibiwe, naye kila mara alijibu kwamba Likasi kuna watu wa kutosha wenye magoti. Mvua zilipoanza akateleza shambani, na safari hii akakubali. Daktari aliagiza mazoezi hospitalini kwa majuma mengi, na akamweleza Blandine waziwazi: mama asikae chini, asichuchumae, asisafiri kila mara kwenda na kurudi. Abaki mjini mpaka goti lishike nguvu. Akikatisha mazoezi akarudi nyumbani, hatalima tena.

Blandine alifurahi kama mtoto. Alimtandikia mama yake kitanda cha binti yao Jaël, akafua pazia, akatafuta samaki wabichi wa mto Lufira. Lililobaki ni moja tu, kumfanya Mama Gertrude akae, na kila aliyemfahamu alijua kwamba hilo si dogo.

Alishuka kwenye taxi-bus akiwa na fimbo, kuku mmoja na unga wa kulisha nusu ya mtaa. Damas alimpokea kama ilivyompasa mkwe: aliinama, akapiga makofi taratibu, macho yakitazama sakafu.

"Karibu, mama. Ikala, upumuzike."

Mama Gertrude alilitazama kochi kuanzia dirishani, akalifuata kwa macho mpaka konani, akaendelea nalo mpaka mlangoni.

"Na weye, mukwe, unaikalaka wapi?"

"Pale, mama. Ku ile mwisho."

"Mwisho ya nini?"

"Ya... ya kochi."

"Ah. Njo kusema ni kiti moja."

Katika ukoo wa Mama Gertrude, mkwe mwanamume na mama wa mkewe hawaketi kiti kimoja. Hawashikani mikono, hawali sahani moja, na hawakai benchi moja hata kama benchi hilo ni refu kama treni. Si uadui, ni heshima, na Damas aliishika vizuri tangu siku aliyooa. Kila alipokwenda Kapolowe alipewa kiti chake upande wa pili wa uwanja, wakazungumza kwa furaha na kwa sauti kubwa, yeye akitazama kuku. Mama mkwe alipowatembelea mjini ilikuwa vilevile. Katika kupima kwake kote Damas hakukumbuka jambo hilo hata mara moja, kwa sababu zamani nyumba ilikuwa na viti sita, na mtu mwenye viti sita hana haja ya kufikiri.

Mama Gertrude hakugomba. Alitoka nyuma, akakaa juu ya kasha la bia karibu na mbabula iliyokuwa ikiwaka makaa, mguu mbaya ameunyoosha mbele kama mpini wa jembe. Blandine alimwangalia mumewe.

Kesho yake mvua ilinyesha, na uwanjani hapakukalika. Mama Gertrude aliingia ndani akasimama, ameegemea fimbo. Damas asingeweza kuketi mama mkwe akiwa amesimama, naye akasimama karibu na redio. Blandine asingeweza kuketi mama yake na mumewe wakiwa wamesimama. Jaël, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, aliketi kidogo, akatazamwa, akainuka. Wote wanne wakabaki wima wakilizunguka kochi kama watu wanaomwangalia mgonjwa.

"Papa," alisema Jaël, aliyemwita bibi yake koko, "tuweke barrière ya kamba katikati. Koko anabakia Zambia, weye unabakia Kongo. Minye ninakuwa douane ya kuchunga mupaka, kama ku Kasumbalesa."

Mama Gertrude alicheka mpaka fimbo ikatikisika. "Na passeport njo utanipatia weye?"

"Kwa koko ni bure."

"Mutoto muzuri. Lakini kamba haigeuze kiti moja kuwa mbili."

Damas alisema yeye ataketi jikoni muda wote mama atakapokuwapo, na kochi lote liwe lake.

"Nikuye hapa kufukuza bwana mu nyumba yake?" Mama Gertrude alimjibu akiuelekea ukuta, kama inavyofaa. "Hapana. Heshima haikuwe vile. Siku ya Posho shofere wa Kapolowe anapita hapa. Nilishamwambia anipigie honi."

Posho ni Jumamosi, na Jumamosi haikuwa mbali. Blandine alikwenda chumbani, cherehani ikaanza kulia kwa kasi isiyo ya kawaida.

Mchana uleule Damas alivuka barabara akaomba arudishiwe kiti kimoja kati ya vile sita. Jirani alimpa huku akitabasamu kuliko ilivyohitajika. Tatizo likawa mahali pa kukiweka. Kochi lilikuwa limekula sebule yote. Kiti kiliingia sehemu moja tu, palepale kwenye njia ya jikoni. Kila aliyepita na sahani, ndoo au makaa alimlazimu Mama Gertrude kuinuka, na kila akiinuka goti lilimkumbusha Kapolowe. Kufikia jioni alikuwa ameinuka kuliko kanisani siku ya Pasaka.

"Minye si mulango," alisema. Mvua ikawa imekatika, akarudi kwenye kasha lake.

Alhamisi Damas alibadilishana zamu na mwenzake, akarudi nyumbani mapema. Blandine alikuwa amepeleka gauni kwa mteja, Jaël yuko shule. Alipoufungua mlango akamwona Mama Gertrude konani, katikati kabisa ya kochi, amezama, magoti juu, fimbo imeanguka chini mbali na mkono. Kwa haraka Damas akageuka kutazama barabara.

"Mama, uko muzuri?"

"Niko."

"Unapumuzika?"

"Kupumuzika nilimaliza. Sasa natafuta kutoka."

"Tangu saa gani?"

"Mutu haulizake mama-mukwe saa."

Akamweleza, bila haraka, kwamba goti lilikuwa limeuma, kwamba nyumbani hapakuwa na mtu, na kwamba kiti kisichokuwa na mwenyewe kwa muda huo alikiona kama hakina sheria. Alifikiri atakaa kidogo tu. Lakini kochi lilikuwa laini mno. Akijisukuma, mikono inazama. Akiegemea mbele, kiuno kinamrudisha nyuma. Pa kushika hapakuwapo, maana konani, ambapo Damas hutandaza mikono, hakuna mkono wa kiti.

Damas alitazama barabara kulia na kushoto. Hapakuwa na mwanamke yeyote wa kumwita. Kumpa mkono haikuwezekana. Hawakuwahi kugusana tangu ndoa, na hakutaka kuanza leo, tena kwa kuvutana. Akaenda nyuma akafikiri, akarudi na mchi wa kutwangia.

"Kamata ku mwisho, mama. Kwa mikono mbili. Minye nitaangalia ukuta."

"Angalia muzuri."

Akavuta. Ngozi bandia ikapiga kelele, Mama Gertrude akapanda nusu, kisha kochi likamrudisha, na Damas akavutwa kinyumenyume mpaka kisigino kikagonga ukingo wa kochi.

"Usianguke hapa, mukwe," alisema Mama Gertrude haraka. "Ukianguka hapa, tutaenda kuambia bantu nini?"

Damas alikaza miguu. Mabega yake yalianza kutikisika, na alijitahidi yasitikisike, na nyuma yake akasikia mchi nao unatikisika, kwa sababu Mama Gertrude alikuwa akicheka. Walisubiri mpaka kicheko kikapita, maana mtu hawezi kuvuta na kucheka pamoja. Mara ya pili aliinuka, akasimama, akapumua, akainyoosha kanga yake.

"Aksanti," alisema. "Kiti yako iko muzuri ya kuangalia. Kupokea bantu inajua. Kurudisha njo haijue."

Aliondoka kuelekea uwanjani akijikongoja, na Damas akabaki na mchi mkononi. Akainama akaweka kiganja kwenye kikalio cha kochi, pale palipokuwa bado na shimo, akabonyeza mpaka kiganja kikagota mbao. Kisha akaketi yeye mwenyewe na kujaribu kuinuka bila kutumia mikono. Alikuwa na nguvu za kazi, na bado alihitaji kujirusha. Kumbe kila jioni alikuwa akijirusha hivyo, na alidhani ni uchovu wa zamu.

Blandine aliporudi, mama yake alimsimulia yote kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika mpaka kwa majirani. Blandine alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kisha Damas akaja akasimama mlangoni.

"Mama Jaël. Ile siku ulisema kiti ni kintu ya kubeba."

"Nilisema."

"Sikusikia."

"Nilisema kwa sauti ya kutosha." Akajifuta machozi. "Sasa mama anaenda kesho-kutwa."

"Haendi," alisema Damas, akaenda kumtafuta Gracien.

Seremala alikuja akiwa na msumeno, akalizunguka kochi lake kwa huzuni. "Mzee, tukate katikati? Ile kona njo inabeba yote. Nikiikata, inaanguka."

"Hata isipoanguka," alisema Mama Gertrude kutoka uwanjani, "itakuwa kiti moja yenye kukatwa."

"Fungua yote," alisema Damas.

"Nivunje kazi yangu?"

"Mbao iko muzuri. Kazi yako iko muzuri. Minye njo niliomba mubaya." Akasita, kisha akasema neno ambalo wenzake wa kiwandani wasingeliamini: "Safari hii nataka viungo, Gracien. Biti yenye kuachana."

Jioni hiyo, huku Gracien akikwangua na kung'oa, watu wa nyumba walikaa uwanjani wakazungumza juu ya sebule yao kama vile hawajawahi kuiishi. Blandine alitaka mwanga wa dirisha urudi kwa cherehani yake, na mahali pa kufungia vitambaa ili visiliwe na vumbi la makaa. Jaël alitaka kiti kilicho sawa na meza, kwa kuwa kwenye kochi alikuwa akiandika juu ya paja na kuishia kulala. Damas aliulizwa yeye anahitaji nini, akainamia viatu vyake.

"Kuvua viatu," alisema hatimaye. "Nikitoka kazi, nataka fasi ya kuikala nivue viatu."

"Kwa ile ulijenga kona nzima?" Blandine aliuliza.

"Unaona."

Mama Gertrude alisema yeye hahitaji chochote, kwani anaondoka. Lakini Damas alikuwa amekwisha kuanza kupanga matofali karibu na ukuta wa jikoni. Aliweka kitambaa juu yake, akajitenga mbali.

"Mama, tafazali, ikala kidogo. Kisha usimame."

Aliketi, akasimama kwa shida. Jaël akaongeza tofali. Akaketi, akasimama, uso ukakunjamana kidogo tu. Wakaongeza tena. Safari hii aliketi akatazama miguu yake.

"Inaelea," alisema. "Munanifanya mutoto wa chekechea."

Jaël akatoa tofali, akaweka jipya jembamba mahali pake. Mama Gertrude aliketi, nyayo zikatua zote. Alitia viganja juu ya mapaja, akainama mbele, akasimama bila fimbo, bila kuguna, kama mtu aliyeitwa. Akabaki amesimama, akiwa amejishangaa mwenyewe.

"Hapa," alisema.

Kumpima mama mkwe hakuwezi kufanywa na mkwe, kwa hiyo Damas alingoja mpaka alipokwenda ndani, ndipo akapima matofali. Alipima pia mahali kwenye dirisha la jikoni ambapo mama mkwe huegemeza kiganja anaposimama kuzungumza na Blandine. Hapo ndipo palipokuwa kimo cha mkono wa kiti. Aliandika kwa chaki kwenye ubao wa Gracien, na Gracien akaondoka na mbao za kochi kwenye baiskeli.

Ijumaa usiku kiti kililetwa, hakijapakwa rangi bado, bado kinanuka mbao. Kilikuwa kimenyooka, chenye mikono miwili ya kushika, na kikalio kigumu kilichofunikwa na sponji nyembamba iliyokatwa kutoka kwenye kochi. Pamoja nacho vilikuja kiti cha Damas, kifupi kidogo, na benchi la karibu na mlango ambalo kikalio chake kilikuwa kifuniko, na ndani yake vitambaa vya Blandine vililala vimekunjwa. Vingine vingefuata. Cherehani ilikuwa imerudi dirishani. Sebule ilionekana kubwa kiasi kwamba Jaël aliivuka mara kadhaa bila sababu.

Jumamosi mvua ilikuwa nyembamba. Mama Gertrude alikuwa amefunga vitu vyake tangu asubuhi na kuviweka karibu na mlango. Hakuna aliyethubutu kuvigusa. Aliketi kwenye kiti kipya karibu na dirisha, kwa sababu, alisema, mtu anayesubiri gari lazima akae mahali. Damas alikuwa kwenye kiti chake upande wa pili, anavua viatu vya zamu ya usiku, macho kwenye kamba za viatu. Katikati yao palikuwa na sakafu tupu, pana vya kutosha kupita mtu na ndoo. Wakaanza kuzungumza juu ya mihogo, kwa sauti kubwa, kama kule Kapolowe.

Honi ikalia. Blandine aliacha kushona. Mama Gertrude alitia viganja kwenye mikono ya kiti, akasimama mara moja tu, akaenda mpaka mlangoni. Damas, kwa heshima, naye akasimama, kiatu kimoja mguuni.

"Enda, mwana wangu," Mama Gertrude alimwambia dereva. "Ambia bantu ya kwetu balishe kuku yangu. Goti iko na mazoezi."

Taxi-bus ikaondoka ikirusha matope. Mama Gertrude alirudi, akaketi. Na alipokwisha kuketi, Damas naye akaketi, kisha Blandine, kisha Jaël juu ya benchi.

"Mukwe," alisema Mama Gertrude, akitazama dirisha.

"Mama."

"Ile sponji yenye ilibakia, mutafanya nayo nini?"

"Hatujue bado, mama."

"Ile kitanda ya Jaël yenye nalala iko ngumu kama barabara. Pima kwanza. Kisha tutaona."